Maambukizi Bila Dalili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwili una kengele zake: homa, kikohozi, vipele, kuharisha. Kwa karne nyingi udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza, kwa sehemu kubwa, ulisubiri kengele hizo zilie. Mgonjwa anaonekana, anatengwa, waliokuwa karibu naye wanafuatiliwa. Majibu haya yanahusu virusi ambavyo huhama kutoka mtu hadi mtu kabla kengele haijalia, au bila kulia kabisa. Mifano mingi ni ya UVIKO-19 kwa sababu ndio uliochunguzwa kwa kina zaidi, lakini polio, homa ya ini B na VVU vimo pia, maana jambo hili halikuanza mwaka 2020.

"Bila dalili" maana yake nini hasa?

Maneno hayo mawili yamebebeshwa watu wa aina tatu, na kuwachanganya kumezaa mabishano mengi. Wa kwanza ni yule ambaye dalili zake ziko njiani: leo mzima, keshokutwa yuko kitandani. Wa pili hatapata dalili hata moja tangu virusi vimwingie hadi mwili uviondoe. Wa tatu ana dalili ndogo mno, koo linawasha kidogo, kichwa kizito, uchovu anaodhani ni wa kukosa usingizi, na ukimuuliza atakujibu kwamba hajambo kabisa.

Siku ya kupimwa, wa kwanza na wa pili hawatofautishiki. Machi 2020, katika makao ya kutunzia wazee jimboni Washington, Marekani, wakazi 76 walipimwa virusi vya korona na 48 wakakutwa navyo. Kati ya hao 48, watu 27 hawakuwa na dalili siku ya kipimo. Baada ya siku chache, 24 kati ya hao 27 walikuwa wameanza kuugua. Aliyeangalia takwimu siku ya kwanza angesema zaidi ya nusu ya walioambukizwa hawana dalili. Aliyerudi baadaye angewakuta 3. Kwa hiyo ukisoma kwamba asilimia fulani ya watu "hawakuwa na dalili", uliza kwanza kama walifuatiliwa baada ya kipimo, na kwa siku ngapi.

Mtu asiyekohoa wala kupiga chafya anaambukizaje?

Kwa kupumua na kuzungumza. Kila neno tunalotamka hutoa vitone vidogo sana vya mate na unyevunyevu, vingine vyepesi kiasi cha kuelea hewani kwa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa. Anayeimba au kupaza sauti hutoa vingi zaidi kuliko anayekaa kimya.

Linaloshangaza wengi ni hili: homa, maumivu ya mwili na uchovu, kwa sehemu kubwa, si kazi ya virusi vyenyewe bali ni kazi ya mfumo wa kinga unapoanza kupambana. Virusi vinaweza kuwa vimeshazaliana kwa wingi puani na kooni kabla kinga haijashtuka. Kwa UVIKO-19, wingi wa virusi hufikia kilele karibu na siku dalili zinapoanza, na mtu huweza kuambukiza wengine takriban siku 2 kabla ya hapo. Homa ya mafua huanza kuambukiza kama siku 1 kabla. Tetekuwanga siku 1 hadi 2 kabla ya vipele, na surua siku 4 kabla ya vipele.

Njia si hewa peke yake. Polio hupita kwenye kinyesi cha mtoto anayecheza kama kawaida. Homa ya ini B na VVU hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. WHO ilikadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa sugu ya ini B mwaka 2022, na wengi wao hawajawahi kupimwa.

Kwa nini SARS ya 2003 ilizimwa, na UVIKO-19 haukuzimwa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ningependa msomaji akae nalo hata kama atayaruka mengine.

SARS ni ugonjwa mkali wa njia ya hewa, na virusi vya magonjwa haya mawili ni ndugu wa karibu. SARS iliwapata watu 8,098 na kuua 774, kisha Julai 2003 WHO ikatangaza kwamba mnyororo wa maambukizi umekatika. Hapakuwa na chanjo wala dawa mahususi. Zilizotumika ni mbinu za kale: tafuta mgonjwa, mtenge, fuatilia waliotangamana naye. Zilifaulu kwa sababu mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi akiwa tayari ameugua, hasa katika wiki ya pili ya ugonjwa, ambapo wengi walikuwa hospitalini. Kabla ya dalili karibu hakuambukiza. Ndui nayo ilikuwa hivyohivyo. Ilionekana usoni, na haikuambukiza sana kabla ya kuonekana. Ndiyo sababu mojawapo iliyowezesha kufikia mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili mwaka 1977, na dunia kutangaziwa mwaka 1980 kwamba imetokomezwa.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Chukua kirusi ambacho kila aliyenacho, asipozuiwa, huambukiza watu 3 kwa wastani. Tuseme moja ya kumi tu ya maambukizi hayo hutokea kabla ya dalili. Ukifaulu kumtenga kila mgonjwa dakika ileile anayoanza kuumwa, kila mmoja atakuwa ameambukiza watu 0.3. Watu 100 watazaa 30, hao 30 watazaa 9, hao 9 watazaa wasiofika 3. Moto unazimika.

Badilisha kitu kimoja tu: nusu ya maambukizi itokee kabla ya dalili. Mtenge kila mgonjwa kwa ukamilifu uleule, jambo ambalo hakuna nchi inayoweza kulifanya. Kila mmoja tayari ameshaambukiza watu 1.5. Watu 100 watazaa 150, hao watazaa 225, na baada ya mizunguko 10 kila mzunguko utakuwa unaleta wagonjwa wapya zaidi ya 5,700. Hakuna mhudumu aliyezembea wala mgonjwa aliyekaidi. Mbinu yenyewe imefika mwisho wa uwezo wake.

Kwa hiyo idadi ya watu wasio na dalili si kipimo kinachoamua mlipuko kudhibitika. Kinachoamua ni sehemu ya maambukizi yanayotokea kabla mtu hajajua kuwa anaumwa. Kirusi kinachoua wengi lakini kinajitangaza mapema kinaweza kuwa rahisi kukifunga kuliko kirusi chenye makali madogo kinachopita kimyakimya. Ebola ni ya kutisha kwelikweli, lakini aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla ya kuugua, na ndiyo maana milipuko yake mingi imezimwa kwa kufuatilia watu mmoja mmoja.

Je, asiyepata dalili kabisa huambukiza sawa na anayeumwa?

Kwa UVIKO-19, hapana. Asiyepata dalili hata kidogo huambukiza watu wachache zaidi, kwa wastani, kuliko anayeumwa. Aliye karibu kuanza kuumwa ndiye anayeambukiza sana.

Lakini tusitulie mapema. Anayeumwa hulala nyumbani. Asiyeumwa huenda kazini, huhudhuria msiba, hubeba watoto, humtembelea bibi. Uwezo mdogo wa kuambukiza ukizidishwa kwa watu wengi anaokutana nao hautoi jumla ndogo. Makadirio ya watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, yaliyochapishwa Januari 2021, yalionyesha kuwa takriban asilimia 59 ya maambukizi yote yalitoka kwa watu wasiokuwa na dalili wakati huo: asilimia 35 kutoka kwa waliokuja kuumwa baadaye, na asilimia 24 kutoka kwa ambao hawakuumwa kabisa. Hayo ni matokeo ya modeli, yaani makadirio ya kihesabu, si hesabu ya mtu mmoja mmoja, na aina za kirusi zimebadilika tangu hapo.

Mbona WHO yenyewe iliwahi kusema maambukizi ya aina hii ni nadra?

Ilisemwa Juni 2020, katika mkutano na waandishi wa habari, na ufafanuzi ukatolewa siku iliyofuata. Mtaalamu aliyezungumza alikuwa akirejelea tafiti chache kuhusu wale wasiopata dalili kabisa, kundi la pili katika jibu letu la kwanza. Waliomsikiliza walielewa makundi yote matatu. Sentensi moja ilizunguka dunia kabla ufafanuzi haujavaa viatu, na wengine hadi leo wanainukuu kama ushahidi kwamba tahadhari zote zilikuwa bure. Ninaamini wataalamu wana wajibu wa kutenganisha makundi haya kila wanapofungua kinywa, hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Kupima joto mlangoni kunasaidia?

Kidogo sana. Kipimajoto humkamata mwenye homa. Aliyeambukizwa jana hana homa, anayeambukiza bila dalili hana homa, na aliyemeza paracetamol asubuhi naye hana. Kibaya zaidi ni imani inayojengeka ndani ya jengo kwamba wote waliopita mlangoni ni salama, hivyo madirisha yanafungwa na watu wanabanana.

Kwa nini watu wazima wa afya waliambiwa wavae barakoa?

Kwa sababu haikuwezekana kumjua wa kuvishwa. Mwanzoni mwa 2020 ushauri katika nchi nyingi ulikuwa kwamba barakoa ni ya mgonjwa na ya mhudumu wa afya. Ushahidi wa maambukizi kabla ya dalili ulipokusanyika, ushauri ukabadilika: CDC ilipendekeza barakoa za kitambaa kwa umma Aprili 2020, na WHO ikapanua mwongozo wake Juni mwaka huohuo. Wengi waliona huku ni kuyumba. Naona ulikuwa uamuzi sahihi uliochelewa, na uliopelekwa kwa watu bila maelezo ya kutosha kuhusu kilichobadilika.

Barakoa ya kawaida hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa kwa aliye na virusi, maana huzuia vitone pale vinapotokea. Ikiwa kila mtu anaweza kuwa ndiye bila kujua, basi wote wanavaa kwa ajili ya wote. Mantiki hiyohiyo ndiyo inayomfanya muuguzi avae glavu kwa kila mgonjwa anayemtoa damu, bila kuangalia nani anaonekana kuwa na VVU au homa ya ini. Hospitali zilijifunza zamani kwamba macho hayatoshi.

Mimi ni mzima kabisa. Kwa nini nikae karantini?

Kutengwa ni kwa aliyethibitika kuwa na ugonjwa. Karantini ni kwa aliyekuwa karibu naye na bado haijulikani kama amebeba kitu. Karantini, kwa maana hiyo, haijawahi kuwa ya wagonjwa. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, leo Dubrovnik, uliagiza wasafiri kutoka maeneo yenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia, wakiwa wazima, ili muda useme kile ambacho uso hausemi.

Idadi ya siku hutokana na muda kati ya kuambukizwa na kuanza kwa dalili. Kwa UVIKO-19 wa mwanzo wastani ulikuwa kama siku 5, na karibu wote waliougua waliugua ndani ya siku 14. Ndipo zilipotoka wiki mbili. Omicron, aina ya kirusi iliyofuata baadaye, ilipokuja muda huo ulifupika hadi kama siku 3, na nchi nyingi zikapunguza siku.

Nisiwe mnafiki hapa. Kumwambia mtu anayeishi kwa kipato cha siku akae ndani wiki mbili, wakati anajisikia vizuri, bila chakula wala fidia, ni kumtaka alipie usalama wa jamii nzima kutoka mfukoni mwake. Wengine watatoroka, na si kwa sababu ya ujinga. Mpango wa karantini usio na bajeti ya kuwalisha waliomo haujakamilika.

Kwa nini asipimwe kila mtu, tukamaliza?

Kwa sababu mbili, na zote zina hesabu ndani yake.

Kwanza, kipimo hujibu kuhusu saa ile tu. Aliyeambukizwa juzi anaweza kukutwa hana kitu leo, na kesho akaambukiza. Ndiyo maana kupima mara kwa mara kwa kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho hakina ukali wa PCR, kipimo cha maabara, lakini hutoa jibu kwa dakika chache, kunaweza kukamata watu wengi wanaoambukiza kuliko PCR ya mara moja ambayo majibu yake yanachukua siku tatu.

Pili ni majibu yasiyo ya kweli. Chukua watu 10,000, kati yao 10 wana virusi. Kipimo kizuri kinachowakosea wasio na virusi mara 1 tu katika 100 kitawaambia watu kama 100 kwamba wanavyo, ilhali hawana. Wenye virusi kweli kitawakamata labda 8. Kati ya watu 108 walioogopeshwa, 100 waliogopeshwa bure. Sasa weka wenye virusi 1,000 katika umati uleule: kitawakamata 800 na kuwakosea 90. Kipimo ni kilekile, uzito wa jibu lake umebadilika. Kwa hiyo kupima wasio na dalili kunafaa pale maambukizi yalipo mengi, au pale ambapo kosa moja lina gharama kubwa: wodi za wagonjwa mahututi, magereza, makao ya wazee, meli, na watu wanaochangia damu.

Meli ya Diamond Princess ilionyesha hilo mapema. Meli hiyo ya watalii ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020, ilikuwa na watu 3,711. Kwa kuwa karibu wote walipimwa, wawe wanaumwa au la, iligundulika kwamba 712 walikuwa wameambukizwa na sehemu kubwa yao hawakuwa na dalili siku ya kipimo. Wangepimwa wenye homa peke yao, wengi wangeteremka bandarini wakiaminiwa kuwa salama.

Kuna njia ya kuona maambukizi yaliyojificha bila kumpima kila mtu?

Ipo, nayo ni maji taka. Mwenye virusi vya polio huvitoa kwenye kinyesi hata akiwa hana dalili, na hao ndio wengi: takriban watu 7 kati ya 10 wanaoambukizwa hawahisi lolote, na mmoja tu kati ya 200 hivi hupooza bila kupona. Maana yake, mtoto wa kwanza akipooza, kirusi kimeshapita kwa mamia ya wengine. Kusubiri kupooza ni kuchelewa.

Mwaka 2013 nchini Israel kirusi cha asili cha polio kiligunduliwa katika maji taka wakati hakuna hata mtoto mmoja aliyepooza. Mwaka 2022 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo (virusi dhaifu vya chanjo ya matone vilivyobadilika vikisambaa) viligunduliwa katika maji taka ya London, na watoto wakapewa dozi ya ziada. Napenda njia hii kwa sababu haimnyooshei mtu kidole. Sampuli moja huzungumza kwa niaba ya mtaa mzima, tajiri na maskini, aliyekwenda hospitali na asiyekwenda.

Chanjo inayozuia ugonjwa, haiwezi kuongeza watu wanaoambukiza bila kujua?

Swali hili hudharauliwa, na halistahili kudharauliwa. Zipo chanjo zinazozuia ugonjwa vizuri zaidi kuliko zinavyozuia maambukizi. Kisa cha Israel ni mfano halisi: watoto walikuwa wamechanjwa kwa wingi chanjo ya sindano, ambayo hulinda mishipa ya fahamu lakini hujenga kinga hafifu kwenye utumbo. Hakuna aliyepooza, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Lakini kirusi kiliendelea kupita matumboni. Serikali ikaongeza chanjo ya matone kwa watoto wadogo, kwa kuwa hiyo hujenga kinga utumboni.

Chanjo za UVIKO-19 zilipunguza pia uwezekano wa kuambukizwa na kuambukiza, hasa miezi ya mwanzo baada ya kuchanjwa, ingawa ulinzi huo ulififia haraka kuliko ulinzi dhidi ya kuugua sana na kufa. Aliyechanjwa anaweza kupitisha virusi. Hilo si sababu ya kuiacha chanjo. Ni sababu ya kutomfanya mchanjwa aamini kwamba hahitaji tena kufungua dirisha anapomtembelea babu mwenye mapafu mabovu.

Takwimu za vifo zinaathirika vipi?

Wasiohesabiwa hupotosha pande mbili. Mlipuko huonekana mdogo kuliko ulivyo, na ugonjwa huonekana kuua sehemu kubwa ya walioambukizwa kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa wenye maambukizi mepesi hawamo kwenye hesabu. Upimaji wa kingamwili katika damu husaidia kurekebisha picha baadaye.

Aliyeniambukiza bila kujua, ana kosa?

Mary Mallon alikuwa mpishi huko New York. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba alibeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuugua. Hao ni bakteria, si virusi, lakini hadithi yake ndiyo kioo cha swali hili. Aliwekwa kisiwani kwa nguvu miaka karibu mitatu, akaachiwa 1910 kwa sharti asipike tena. Hakuna aliyempa riziki nyingine ya kulingana na ile aliyopoteza. Akarudi jikoni kwa jina la uongo, watu wakaugua tena, na kuanzia 1915 akafungiwa kisiwani hadi alipofariki 1938. Hakuwahi kukubali kwamba ana ugonjwa, na kwa upande wake haikuwa ajabu: hakuwahi kuhisi dalili za homa hiyo. Wabebaji wengine waliokuja kujulikana katika mji huohuo hawakufungwa hivyo.

Sioni kosa kwa asiyejua. Kwa anayejua na kupuuza, lipo. Ila kati ya hao wawili kuna kundi kubwa la wanaoshuku na wanaogopa kujua, kwa sababu jibu litawagharimu kazi, ndoa au heshima. Historia ya VVU imetufundisha hili kwa uchungu mwingi: pale waliokutwa na virusi walipotengwa na kutukanwa, watu walikwepa kupima, na virusi vikaendelea kusambaa gizani. Leo mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU hadi virusi visionekane kwenye kipimo hawaambukizi wenzi wake kwa njia ya ngono. Kufika huko kunaanza na kupima bila hofu.

Nimepimwa, nina virusi, sina dalili. Nifanye nini?

Kwa virusi vya njia ya hewa, hesabu siku za kujitenga kuanzia tarehe ya kipimo, kwa idadi inayotolewa na mamlaka ya afya ya mahali ulipo. Dalili zikianza katikati, anza kuhesabu upya kutoka siku hiyo. Lala chumba chako ikiwezekana. Ikishindikana, fungua madirisha, vaa barakoa mkiwa pamoja, na aliye mzee au mwenye kisukari asiwe ndiye anayekuletea chakula. Ukibanwa pumzi, ukipata maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa, nenda hospitali. Usisubiri siku ziishe.

Usirudie PCR ili kuthibitisha kuwa umepona. Kipimo hicho huweza kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kuacha kuambukiza.

Kisha chukua karatasi na uandike majina ya uliokuwa nao tangu siku 2 kabla ya kipimo: mliokula pamoja, mliosafiri gari moja, uliomsalimia kwa kumkumbatia. Fanya leo, maana baada ya siku tatu kumbukumbu huanza kuruka watu. Wapigie wewe mwenyewe, uanze na mwenye afya dhaifu kuliko wote.